Mama Mwikwabe na Jeli ya Kukamulia

Siku ya soko Kehancha, ukimtaka Susana, usimtafute kwenye mboga wala kwenye mitumba. Fuata kicheko. Pale wanaume wazima wanapocheka kwa sauti ya kujikaza, ndipo utakapomkuta amesimama, aproni ya wahudumu wa afya kifuani, gunzi la mahindi mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshika kitu ambacho wanaume wote wale wanakijua vizuri lakini kila mmoja anajifanya anakiona mara ya kwanza.

"Unabana hapa nchani, hewa itoke," anawaambia. "Usirarue pakiti kwa meno, wewe si fisi. Usiiweke kwenye waleti ukaikalia mwezi mzima juu ya pikipiki, joto litaila. Na mafuta, hapana. Ya kupikia, ya kujipaka, ya aina gani, mafuta hula mpira. Unaweza kuona ni mzima na kumbe umeshaoza."

"Sasa Mama Mwikwabe," mwendesha boda mmoja akauliza siku hiyo, "hii kitu inazuia mimba kweli, ama ni maneno ya serikali?"

Susana hakuwa mtu wa kudanganya watu ili afurahishe wakubwa. Aliwaambia kama alivyofundishwa: chukua wanawake mia, watumie mwaka mzima, kila mara, bila kukosea, wawili watapata mimba. Lakini wakitumia vile watu hutumia, leo tumekumbuka, kesho tumesahau, watakaopata ni kama kumi na watatu.

"Kumi na watatu! Hao si wengi, Mama?"

"Na wasiotumia chochote ni themanini na watano. Chagua mwenyewe unataka kukaa benchi gani."

Wakacheka, wakachukua pakiti zao, wengine wakirudi mara mbili kwa kisingizio cha rafiki. Susana akafunga mkoba wake, akanunua chumvi, akaanza safari ya kurudi nyumbani, na ile hesabu ya kumi na watatu akaondoka nayo moyoni. Wenzake waliiogopa. Yeye aliitamani. Mwanamke aliyefundisha soko zima jinsi ya kukwepa mimba alikuwa akilala akiomba ipatikane moja, moja tu, ndani ya boma lake mwenyewe. Mganga hajigangi, na aliyesema hivyo pengine alikuwa na jirani kama Susana.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Aliingia katika boma lile akiwa msichana, ameolewa na Nchagwa, mwanamume mpole aliyependa ng'ombe na usingizi wa mchana. Mimba tatu zilikuja zikatoka. Ya nne haikuja. Ndugu walimshauri Nchagwa aoe mwingine, naye akawajibu kwamba mke mmoja tu humshinda kuelewa. Alipokufa aliacha shamba la mahindi na tumbaku, zizi lenye ng'ombe, na nyumba ile ambayo Wakuria huiita nyumba ntobu, nyumba isiyo na mwana. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, shemeji yake Boaz alishaanza kutembea mpakani mwa shamba, mikono nyuma, akikagua kitu ambacho hajapewa.

Lakini mila ina dawa yake. Mama asiye na mwana anaweza kumwolea mke yule mwana ambaye hakumzaa. Hutoa ng'ombe, wazee hubariki, msichana akaletwa bomani kama mkwe. Watoto atakaowapata kwa mwanamume yeyote atakayempenda mwenyewe ni wajukuu wa nyumba hiyo, na hakuna wa kuuliza zaidi. Kitanda hakizai haramu. Ila mwana huyo sharti awe na jina, maana mtu hawezi kuwa mke wa hewa. Susana alimwita Mwikwabe, jina la baba yake Nchagwa. Tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Mwikwabe, na mara ya kwanza alipolisikia, kwenye foleni ya kusaga unga, ilibidi ageukie ukuta mpaka macho yakauke. Alikuwa amengoja kuitwa mama wa fulani kwa miaka thelathini.

Mke wa Mwikwabe alikuwa Kezia, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye shingo ndefu na mdomo usiopoteza maneno. Susana hakumchukua kwa nguvu. Alimwita kando, mbali na baba yake aliyekuwa akiwatazama wale ng'ombe kwa macho ya njaa, akamuuliza kama anataka. Kezia akafikiri.

"Nitakuja, Mama. Lakini nimeanza chuo Rongo, kozi ya ualimu wa watoto wadogo. Nataka nimalize kwanza. Nikishazaa sitarudi darasani, najijua."

Subira huvuta heri, wanasema. Ya Susana ilikuwa imevuta mvi, lakini alikubali. Kezia akakaa Rongo siku za masomo, na Ijumaa akarudi bomani, akachota maji, akapalilia, akamsomea mama mkwe wake gazeti la zamani lililofungiwa sukari. Walipatana. Kusema kweli walipatana kuliko mama wengi na mabinti waliowazaa.

Mwanamume aliyempenda Kezia alikuwa Byron, Mjaluo mchimba dhahabu wa Macalder. Alikuwa mrefu, mpole, na kicheko chake kilichelewa kidogo, akacheka wengine wakishamaliza. Udongo mwekundu wa mashimoni ulikuwa umemkaa kwenye kucha, hata sabuni ilikata tamaa. Kila Jumamosi pikipiki yake ilisikika ikipanda kutoka barabara ya Migori. Alimsalimia Susana kwa mikono miwili, akaleta samaki mkavu au sukari, kisha akavuka ua kwenda nyumba ya Kezia.

Kezia alikuwa amejaribu sindano ya kuzuia uzazi, ikampa kichwa cha kupasuka na damu isiyokoma, akaiacha. Ikabaki mipira. Na hapo ndipo kinywa chote cha Susana kilipoisha. Yeye aliyeshika gunzi mbele ya soko, bomani kwake hakuweza hata kulitaja neno. Mama mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, wala hazungumzi naye ya kitandani. Hiyo ni heshima, na heshima haiulizi kazi unayofanya. Kwa hiyo aliweka pakiti kwenye kikapu kidogo, akazifunika kwa leso, akakiacha kizingitini kwa Kezia. Kikapu kikarudi kitupu.

Sasa, Susana alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na mkebe wa jeli ya kukamulia aliouweka juu ya nguzo ya zizi. Jeli hiyo kila mtu anaijua: hupakwa chuchu za ng'ombe zisipasuke, na ikibaki hupakwa magoti ya watoto wakienda shule. Jumapili moja asubuhi alinyoosha mkono juu ya nguzo, akakosa mkebe. Alidhani umeangushwa na paka. Baadaye Kezia akauleta, macho chini.

"Niliuazima, Mama."

"Hakuna neno."

Jumapili iliyofuata ukakosekana tena. Kezia alijipaka mafuta yake ya dukani yenye harufu ya maua, huyo hakuwa mtu wa kujipaka jeli ya ng'ombe. Na Susana alijua, kwa sababu ndiye aliyezisambaza, kwamba zile pakiti za bure watu huzilalamikia kwamba ni kavu. Siku ya Jumapili nyingine tena, akiwa amechuchumaa chini ya ng'ombe na vidole vikavu, alielewa. Moyo ulimpiga hata ng'ombe akageuza kichwa.

Alijua alichopaswa kufanya. Sentensi moja tu ilitosha, ile ile aliyoisema kila siku ya soko. Mafuta hula mpira, mwanangu. Badala yake alikamua mpaka mwisho, akabeba maziwa, akanyamaza.

Tena kama ni kunyamaza tu tungemsamehe haraka. Mkebe ulipoanza kuonyesha chini, Susana aliingia katika duka la Osman, yule mfanyabiashara wa ng'ambo ya soko, akaomba mkebe mkubwa kuliko wote.

"Mashallah, Mama Mwikwabe," Osman akamwambia. "Umeongeza ng'ombe?"

"Bado," akajibu. "Natarajia."

Akauweka juu ya nguzo, mahali pa kuonekana vizuri.

Baada ya hapo maisha yake yakawa ni kuvizia. Kezia akikataa chai, Susana alishika pumzi. Akilala mchana, akamfunika. Akitema mate, akafurahi. Kila mwezi alisikia ndoo ya kufulia ikitolewa nje alfajiri, akajua ni yale yale, akageukia ukuta kitandani. Alikuwa na shali ya mtoto, ya manjano, aliyoinunua akiwa na ile mimba yake ya tatu. Alizoea kuianika mara moja kwa mwaka isije ikaliwa na nondo. Msimu huo aliianika mara nyingi, na alipoikunja aliikunja taratibu mno, akaibeba kifuani mpaka ndani. Tamaa ya mtoto haizeeki na mwili. Nywele hubadilika, goti likaanza kulia, lakini hiyo hukaa pale pale ilipokuwa siku ya harusi, ikiuliza swali lile lile.

Kisha akaitwa Homa Bay. Wahudumu wa afya kutoka sehemu mbalimbali walikusanywa kwa mafunzo ya siku chache katika ukumbi mmoja karibu na ziwa, wakapewa chai, vitabu na viti vya plastiki. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu. Siku ya pili akapuliza mpira hadi ukajaa kama puto, akauliza nani atamshikia. Susana alikuwa mbele, akapewa.

"Angalieni," kijana akasema, akachovya kidole katika mafuta ya kujipaka, akapaka taratibu huku wote wakitazama. Susana aliushika kwa mikono miwili, mwepesi, wenye joto la pumzi. Akajikuta anaushika chini na ubavuni, jinsi watu wanavyoshika kichwa cha mtoto mchanga. Kabla hajajirekebisha, ukapasuka. Ukumbi mzima ukapiga kelele na kucheka, naye akacheka pamoja nao, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Walidhani ni mshtuko.

Aliyekuwa amekaa naye hakudhani hivyo. Caren, mhudumu wa pale pale Homa Bay, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia mashua, alimshika mkono, akampeleka kwenye kibanda cha samaki, akamwagizia ngege mzima wa kukaanga.

"Haya," akasema. "Kula halafu useme."

Susana akasema. Hakuwa amewahi kumwambia mtu, na yalipoanza kutoka yalitoka yote: Nchagwa, Mwikwabe asiye na uso, Kezia, mkebe juu ya nguzo, hata Osman. Caren alisikiliza akichambua miba.

"Na shida yako ni gani hapo?" akauliza alipomaliza. "Nyamaza! Mungu amekuletea jeli, wewe unamletea maswali. Msichana si ulimwolea hiyo hiyo kazi? Akishika mimba atalia wiki moja, halafu atazoea. Sisi wote tulizoea."

Yalikuwa ni maneno ya Susana mwenyewe. Ndiyo aliyokuwa akijiambia kila Jumapili chini ya ng'ombe, neno kwa neno. Lakini kichwani mwake yalikuwa yamevaa nguo. Kinywani mwa Caren, mezani, kati ya ugali na pilipili, yalikaa uchi. Atazoea. Alimwona Kezia na vitabu vyake vimefungwa katika mfuko wa plastiki juu ya kabati, akizoea. Samaki akamshinda.

"Asante, dada," akasema. "Umenisaidia kuliko unavyojua."

"Ndiyo hivyo," Caren akasema kwa furaha, akavuta sahani ya mwenzake.

Ijumaa Kezia alirudi kutoka Rongo. Jioni walikaa jikoni wakichambua maharagwe, ungo katikati. Susana alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, na bado ulimi ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Kezia. Ile jeli ya ng'ombe."

Vidole vya Kezia vikasimama.

"Najua si heshima kuongea haya. Lakini inaharibu mipira. Mafuta yote huharibu. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nataka ushike mimba. Tena nikanunua mkebe mkubwa. Ulinipa neno lako nikakupa langu, na langu nimelivunja. Nisamehe."

Kezia akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa nje.

"Nilijua, Mama."

"Ulijua nini?"

"Kwamba inaharibu. Si nilikuwa nauza ndizi hapo soko kabla hujakuja kwetu? Ulisema mbele ya watu wote, na lile gunzi lako. Ni nani hajakusikia?"

Susana akamtazama bila kuelewa.

"Byron ndiye hajui," Kezia akaendelea, sauti chini. "Yeye ndiye hataki. Hata siku moja hajakosa kuvaa. Anasema hawezi kuzaa mtoto aitwe wa Mwikwabe, mtu ambaye hayuko, halafu yeye apite hapo barabarani mtoto amwite anko. Nikamwambia jeli ni nzuri, inafanya zisikaukie. Akaniamini."

"Na chuo?"

"Nilikuona ukianika ile shali." Sasa Kezia alikuwa analia, bado akichambua. "Unaikunja kama kuna mtu ndani. Nikasema chuo kinaweza kungoja. Wewe huwezi."

Kwanza ilikuja furaha, na tusimfiche Susana, ilikuja yote, moto kifuani: mtoto huyu ananipenda. Halafu aibu ikaingia nyuma yake ikafunga mlango. Alikuwa ameogopa kumwibia Kezia, kumbe Kezia alikuwa akijiibia mwenyewe ili ampe yeye. Na katikati yao, wanawake wawili wenye heshima wasiotaja neno, alikuwa amelala mwanamume anayedhani yuko salama.

"Na sasa... kuna kitu?" akauliza. Hakuweza kujizuia.

Kezia akatikisa kichwa. "Hakuna. Mwezi umekuja jana kama kawaida. Hata jeli imekataa."

Wakacheka, ikawa ni kilio, ikawa tena kicheko, maharagwe yakamwagika. Waliyaokota pamoja gizani jikoni.

"Byron lazima aambiwe," Susana akasema mwishowe.

"Ataondoka, Mama."

"Pengine. Lakini tumemfanya dume la kukodi, na hata dume huonyeshwa zizi analopelekwa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Kezia alimwambia Jumamosi, kwenye ua, kabla hajaketi. Susana aliwaona kutoka mlango wa jikoni. Byron alikuwa amevua helmeti; akasikiliza, akauliza kitu kimoja, akasikiliza tena. Hakupaza sauti. Akaivaa tena helmeti yake, akaifunga chini ya kidevu, akaondoka. Samaki aliyemleta alibaki pale uani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpika.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Kezia alikwenda Rongo akarudi, akafanya mitihani, hakulalamika, jambo ambalo lilimuumiza Susana kuliko kama angelalamika. Kila pikipiki iliyopanda kutoka barabara ya Migori, Susana alisimama kuisikiliza. Miaka yote alikuwa ametamani mtoto, na sasa hata pikipiki ilikuwa kitu cha kutamaniwa. Alimtaka kijana yule arudi, acheke akiwa amechelewa, ailete furaha ya Kezia ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuifukuza.

Alikuja siku ya Jumatano, mchana, Kezia akiwa chuoni. Ndevu zilikuwa zimemwota na macho yamezama.

"Kezia hayuko," Susana akasema, akikausha mikono.

"Najua, Mama. Nimekuja kwako."

Akampa kigoda. Akakaa na magoti juu, helmeti mapajani. Susana hakukaa.

"Nilikasirika sana," Byron akasema. "Kule Macalder unashuka shimoni na kamba. Mtu wa juu akikuambia kamba ni nzima, na anajua imelika, huyo si mwenzako. Hata kama haikukatika."

"Ni kweli."

"Si mngeniambia tu?"

Angeweza kusema mambo mengi. Mila, heshima, umri. "Nisingekuambia," akasema. "Nilimtaka mtoto, na sikukufikiria wewe hata kidogo. Kezia alinifikiria mimi. Wewe hukuwa na wa kukufikiria. Hiyo ndiyo kweli yote, na ninakuomba msamaha."

Byron akaigeuza helmeti mikononi kwa muda mrefu. Kuku akaja, akadonoa karibu na kiatu chake, akaenda zake.

"Mimi baba yangu simjui," akasema. "Mama alikuwa anauza chai kwa wachimbaji. Kila mzee mrefu akipita nilikuwa namwangalia miguu, kama anatembea kama mimi. Mpaka leo naangalia. Kwa hivyo swali langu ni moja tu. Huyo mtoto wenu, siku akija, ataniita nani?"

Jibu la mila lilikuwa tayari, na Susana alilijua kama jina lake. Hatakuita chochote. Wewe ni mgeni wa Jumamosi. Baba yake ni Mwikwabe. Boaz angelitaka jibu hilo hilo, na wazee wangelitia mate ya baraka. Lakini alimtazama kijana aliyekaa kwenye kigoda, anayetaka tu kuitwa kitu na mtoto, na hakuna mtu Kuria nzima aliyeijua njaa hiyo kuliko yeye.

"Atakuita baba," akasema.

"Na wazee?"

"Wazee nitawachinjia, nitawapikia. Wakishiba nitawaambia. Wakikataa, watakuwa wamekataa wakiwa wameshiba, si hasara kubwa."

Byron akacheka, akiwa amechelewa kama kawaida yake, kisha akaacha ghafla. "Na jina?"

"Jina ni la nyumba. Hilo siwezi kukupa, si langu peke yangu. Atakuwa wa nyumba ya Nchagwa, na shamba litakuwa lake. Lakini atakuwa na baba mwenye miguu. Utakuja mchana, utamshika mkono, mtakwenda soko watu wawaone."

Byron alijifuta uso kwa mkono wake wenye kucha nyekundu, mara mbili, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Basi tungoje," akasema. "Kezia amalize chuo kwanza. Amebakisha mwaka na zaidi. Nisingependa aache kwa sababu yangu, wala kwa sababu yako, Mama, usinielewe vibaya. Amalize, apate kazi kidogo, halafu tukae sisi watatu tuseme sasa. Bila mtu kudanganya mtu."

"Bila mtu kudanganya mtu," Susana akarudia.

"Na utupe hizo, za kutosha. Na utuambie vizuri vile zinatumika."

Susana akaingia ndani, akatoka na boksi zima na vifuko vya mafuta yale maalumu yaliyotengenezwa kwa maji, aliyopewa Homa Bay. Akaketi sasa, kwa mara ya kwanza tangu kijana afike. Mila ikamvuta nguo kidogo, naye akaichomoa nguo yake. Akamwambia yote, polepole, hatua kwa hatua, asiache kitu: tarehe kwenye pakiti, mahali pa kuweka pasipo joto, jinsi ya kufungua, jinsi ya kubana, jinsi ya kutoa, na kwamba haya ya maji hayali mpira, lakini jeli ya ng'ombe ibaki kwa ng'ombe. Hakuwahi kufundisha vizuri namna ile. Kila neno lilikuwa linamsukuma mjukuu wake mbali kidogo, naye alilijua, akalisema. Byron alisikiliza kama mwanafunzi mzuri.

"Itachukua muda, Mama," akasema akivaa helmeti. "Utangoja?"

"Nitangoja."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu aende salama. Alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama hadi pikipiki ikapotea kwenye kona ya kuelekea Migori. Halafu akarudi, akajifungia ndani mchana kweupe, akapiga magoti yale yanayouma kando ya kitanda, akalia kwa sauti ambayo Boaz huko mpakani angeisikia kama angekuwepo. Alimwomba Mungu kwa muda mrefu. Safari hii hakuomba mtoto. Aliomba miaka.